Sura Isiyo na Jina: Historia na Hisia katika Picha za Watu za Marlene Dumas

Utangulizi

Katika Kiswahili neno sura lina kazi mbili. Sura ni uso wa mtu, umbo ambalo kwalo hutambulikana. Sura vilevile ni sehemu ya kitabu. Wanaisimu watakumbusha, na kwa haki, kwamba katika Kiarabu haya ni maneno mawili yenye herufi tofauti za mwanzo, na kwamba yalikutana tu yalipoingia katika lugha ya pwani. Hata hivyo, mkutano huo una faida kwa mhakiki. Unamzindua kwamba uso, kama kitabu, husomwa. Na kwamba kila ausomaye huja na lugha yake, hukumu zake na pengine hata sheria zake.

Makala haya yanazichunguza picha za watu za Marlene Dumas, mchoraji aliyezaliwa mjini Cape Town mwaka 1953 na ambaye ameishi Uholanzi tangu mwaka 1976. Wahakiki wengi humweka katika mkondo wa wasanii wanaodhihirisha hisia, yaani wale ambao kwao rangi iliyotiririka na mstari uliopinda huwa na uzito zaidi kuliko usahihi wa pua na sikio. Uainishaji huo si wa makosa, lakini hautoshi. Hisia hazielei hewani, zina historia. Hoja ya makala haya ni kwamba mtindo wa Dumas ni jibu kwa namna mahususi ya kusoma nyuso, namna iliyotungiwa sheria katika nchi alikozaliwa. Jibu hilo lina nguvu kubwa. Lina pia deni moja ambalo uhakiki haujalitilia maanani ipasavyo, nalo ni deni la jina.

Huenda ikaulizwa jambo hili linaihusu nini fasihi. Linaihusu kwa kuwa usawiri wa mhusika, anwani ya kazi ya sanaa na majina ya watu ni masuala ambayo mhakiki wa fasihi huyashughulikia kila siku. Mchoraji anayeamua kuiita picha yake kwa jina la mtu, au kulificha jina hilo, anafanya uamuzi wa kifani ule ule anaoufanya mwandishi wa riwaya.

Macho ya Sheria

Mwaka 1950 bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kuwaandikisha wakazi wote wa nchi kwa misingi ya rangi. Kila mtu alipaswa kuingizwa katika daftari kuu akiwa Mzungu, Chotara au mwenyeji, na baadaye mafungu mengine yakaongezwa. La kutajika ni kipimo chenyewe. Sheria hiyo ilimtambua Mzungu kwa jinsi alivyoonekana na kwa jinsi alivyokubaliwa na watu kwa jumla. Kwa maneno mengine, jicho la karani lilipewa mamlaka ya hakimu. Penye shaka, makarani walibuni vipimo ambavyo havikuandikwa popote katika sheria. Maarufu zaidi ni kile cha penseli: ilitiwa katika nywele za mtu, na kuanguka kwake au kunasa kwake kukaamua angesoma wapi, angeishi wapi na angemwoa nani. Watu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa kwa njia hii.

Mwaka 1952 ikafuata sheria iliyowalazimu Waafrika kubeba kitabu cha pasi chenye picha, alama za vidole na kumbukumbu za ajira. Upinzani dhidi ya pasi ndio uliowakusanya watu mjini Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, siku ambayo polisi waliwaua watu 69. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na ile ya kuandikisha watu kwa rangi ikafutwa Juni 1991.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana maana ya karatasi ya namna hii. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa hapa mwaka 1915, na kuanzia mwishoni mwa mwongo huo wanaume Waafrika wenye umri wa zaidi ya miaka 16 walitakiwa kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kama utaratibu wa kikoloni kilikwisha, lakini neno lenyewe halikufa. Hadi leo wako Wakenya wengi wanaokiita kitambulisho kwa jina hilo hilo. Hata hivyo pana tofauti inayofaa kuzingatiwa. Kipande cha Kenya kiliegemea dole gumba. Kitabu cha pasi cha Afrika Kusini kiliongeza picha ya uso, na hivyo kamera ikaajiriwa kuwa shahidi wa serikali.

Kamera ilikuwa na kazi nyingine pia, ya zamani zaidi. Tangu karne ya 19 picha za Waafrika zilipigwa, zikachapishwa katika vitabu na kadi za posta, zikauzwa. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na biashara hii. Kadi zilizouzwa Unguja na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwaonyesha wanawake wa pwani chini ya maelezo ya kijumla ya kabila au aina, aghalabu bila ya jina la aliyepigwa. Pasi na kadi ya posta ni vitu viwili tofauti, kwani moja ilimfungia mtu njia na nyingine ilimpeleka ng'ambo pasipo yeye kusafiri. Lakini vyote viwili vilishirikiana katika jambo moja: viliufanya uso kuwa ushahidi wa fungu ambalo mtu alikwisha kutiwa.

Kutoka Kuilsrivier hadi Amsterdam

Dumas alikulia Kuilsrivier, karibu na Cape Town, katika shamba la mizabibu la familia yake iliyozungumza Kiafrikana. Alikuwa, basi, mtoto wa jamii ile ile ambayo serikali ilidai kuitetea. Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town kati ya mwaka 1972 na 1975, kisha akaenda Uholanzi kujiunga na Ateliers '63 mjini Haarlem. Mwaka aliohama, 1976, ndio mwaka ambao matangazo ya televisheni yalianza rasmi nchini Afrika Kusini. Kizazi chake kiliujua ulimwengu kwa njia ya magazeti, filamu na picha zilizochapishwa, na yamkini ndiyo sababu picha iliyochapishwa imebaki kuwa malighafi yake hadi leo. Baadaye, mwaka 1979 na 1980, alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Mchoraji wa sura wa jadi humkalisha mtu mbele yake. Dumas hafanyi hivyo. Huanza na picha iliyokwisha kupigwa: ukurasa wa gazeti, fremu ya filamu, kadi, au picha aliyoipiga mwenyewe. Kutoka hapo huukata uso na kuuondoa mahali pake. Nyumba, mtaa, samani na mavazi hutoweka. Kichwa hujaza karatasi au turubai hadi pembezoni, wakati mwingine kikawa kikubwa kuliko kifua cha mtazamaji. Anapotumia wino, karatasi hulazwa chini na wino ukaachiwa kutembea pamoja na maji. Maji yanapokauka huacha kingo zisizotazamiwa, madoa, na mahali ambapo shavu limeyeyuka na kuwa kivuli. Anapotumia rangi ya mafuta huipaka nyembamba, mara nyingi kana kwamba nayo ni maji. Mkono wa msanii huongoza, lakini hautawali kila kitu.

Namna hii ya kufanya kazi ina maana yake. Sheria ya mwaka 1950 ilitaka mipaka: huyu huku, yule kule. Wino ulioloana haujui mipaka. Picha ya pasi ilitaka uso uwe wazi ili karani aamue upesi. Uso wa Dumas humchelewesha anayeutazama na kumnyima uamuzi. Kinachoitwa hisia katika picha hizi, kwa hivyo, si kilio cha nafsi ya msanii pekee. Ni mbinu ya kuuharibu ushahidi.

Inafaa kutaja kwamba Dumas aliuanza uharibifu huo kwake mwenyewe. Katika picha ya mwaka 1984 iitwayo Evil is Banal, yaani Uovu ni Jambo la Kawaida, alijichora akimgeukia mtazamaji, nywele zikiwa na rangi ya moto na mkono ukiwa umetiwa giza. Anwani hiyo inarejelea dhana ya Hannah Arendt, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu kesi ya Adolf Eichmann alieleza jinsi maovu makubwa yanavyoweza kutendwa na watu wa kawaida wenye kutii amri. Msichana wa Kaburu anayetabasamu na kuelekea kuwa mtu mwema anawekwa mwenyewe kizimbani. Mwaka uliofuata alichora The White Disease, yaani Ugonjwa Mweupe, kutokana na picha ya kitabibu ya mgonjwa wa ngozi. Uso uliopauka, macho yaliyofifia, ngozi iliyovurugika: weupe, ambao nchini kwao ulikuwa kipimo cha watu wengine wote, umekuwa dalili ya maradhi. Hapa anwani ndiyo inayofanya kazi nusu. Bila ya maneno hayo, picha ingekuwa ya mgonjwa mmoja. Pamoja nayo, inakuwa uchunguzi wa jamii nzima.

Weusi wa Wino

Kazi iliyo kitovu cha mjadala huu ni Black Drawings, yaani Michoro Myeusi, ya mwaka 1991 na 1992, ambayo imo katika jumba la makumbusho la De Pont mjini Tilburg. Ni michoro 111 ya wino na rangi ya maji juu ya karatasi, pamoja na kibao kimoja cha jiwe. Kila karatasi ina urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa sentimita 17.5, takriban ukurasa wa daftari la shule. Kila moja ina kichwa cha mtu mweusi. Huning'inizwa zikiwa zimepangwa safu juu ya safu, zikaufunika ukuta.

Sadfa ya tarehe haipasi kupuuzwa. Mwaka ambao daftari la rangi lilifutwa kisheria ndio mwaka ambao Dumas alianza kutengeneza daftari lake. Kwa mbali, mpangilio wa safu unafanana kabisa na sajili: nyuso zenye ukubwa mmoja, zilizotazamwa kwa umbali mmoja, tayari kuhesabiwa. Mtazamaji anayesogea karibu ndipo anapogundua kwamba sajili hii haitumiki. Hakuna weusi mmoja ndani yake. Pale ambapo maji yamezidi, uso una rangi ya jivu au ya moshi wa asubuhi. Pale ambapo wino umezidi, uso ni usiku, na macho hutambulikana kwa mng'ao mdogo tu. Baina ya pande hizo mbili kuna daraja nyingi ambazo hazina jina. Neno moja ambalo sheria ilidhani linatosha kuwakusanya mamilioni ya watu limeshindwa kuzikusanya karatasi 111.

Kile kibao cha jiwe nacho kina la kusema. Kibao ni chombo cha mwanafunzi, cha kuandikia na kufutia. Kimewekwa miongoni mwa nyuso, kizito na kigumu mahali ambapo nyingine zote ni karatasi nyepesi. Kinaweza kusomwa kuwa uso uliokwisha kufutwa, au kuwa nafasi ya uso ambao bado haujachorwa. Tafsiri hizi mbili hazipingani.

Hata hivyo, pana pingamizi zito ambalo mhakiki hana budi kulikabili. Mchoraji wa jamii ya Makaburu, akiwa Ulaya, anachukua picha za Waafrika zilizopigwa na wengine, anazichora, na kuzitundika ukutani bila ya jina hata moja. Je, hii si kadi ya posta iliyorudi kwa mlango wa nyuma? Jibu la haki ni kwamba pingamizi hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mnunuzi wa kadi ya posta alinunua vijambo: shanga, chale, mtindo wa nywele, vazi, vitu vilivyompa yakini kwamba amemwona mtu wa kabila fulani. Dumas ameviyeyusha vitu hivyo. Asiyeweza kuona shanga wala chale hawezi kutamka kabila. Anabaki na mtu anayemtazama, na kutazamwa huko hakumpi maarifa yoyote ya kuwekea akiba. Kwa kiwango hiki michoro hii inakataa matumizi ya zamani ya picha zenyewe.

Lakini kukataa uainishaji si sawa na kurudisha utambulisho. Aliyeondolewa maelezo ya uongo bado hajapewa ya kweli. Mtu aliyekaa mbele ya kamera ya mgeni alikuwa na jina, mama, na mahali alipolala usiku ule. Wino hauwezi kuvirudisha vitu hivi, na ni vizuri kwamba haujidai kuweza. Hasara hii ilitendeka kwanza ndani ya hifadhi za picha, wala si kwenye meza ya mchoraji. Ila mchoraji ameirithi, na mhakiki amerithi kwake.

Jina Kama Sehemu ya Fani

Mapokeo ya Kiswahili yana fundisho juu ya jambo hili. Watunzi wa tenzi walizoea kutaja jina lao, na mara nyingi tarehe ya utunzi, katika beti za mwisho. Jina halikuwa kibandiko kilichogandishwa nje ya kazi. Lilikuwa ndani yake, likiwa na mizani na vina kama maneno mengine. Kwa mtazamo huu, kuwepo au kutokuwepo kwa jina katika kazi ya sanaa ni suala la fani, na linastahili kusomwa kama fani.

Dumas mwenyewe analijua hili vyema. Novemba 2004 mtengenezaji filamu Theo van Gogh aliuawa barabarani mjini Amsterdam na kijana aitwaye Mohammed Bouyeri. Mwaka 2005 Dumas aliuchora uso wa muuaji huyo na kuipa picha anwani ya The Neighbour, yaani Jirani. Mwaka 2006 aliuchora uso wa Osama bin Laden na kuuita The Pilgrim, yaani Hujaji. Katika miaka ile magazeti ya Ulaya yalikuwa yamewafundisha wasomaji kuogopa ndevu na macho meusi kabla ya kumjua mwenye navyo. Mtazamaji asiyeambiwa jina anakutana na kijana mpole wa sura. Anaweza kumwonea huruma. Kisha anaambiwa ni nani, na hapo anaona kwamba huruma yake na hofu yake vyote vilikuwa tayari kabla ya ushahidi. Kufichwa kwa jina hapa ni mtego wa makusudi, na mtego huo unafaa, kwa sababu jina lililofichwa lilikuwa linajulikana na kila mtu. Ni rahisi kulificha jina ambalo haliwezi kupotea.

Kinyume chake ni Great Men, yaani Wanaume Mashuhuri, msururu wa picha uliotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Manifesta 10 mjini St Petersburg mwaka 2014. Mwaka uliotangulia Urusi ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia kile ilichokiita uenezaji wa mahusiano ya jinsia moja. Dumas alichora kwa wino na penseli nyuso za wanaume waliowahi kuteswa, kushtakiwa au kulazimishwa kujificha kwa sababu hiyo, wakiwemo Pyotr Tchaikovsky, Oscar Wilde, Alan Turing na James Baldwin. Chini ya kila uso aliandika kwa mkono wake jina na maelezo mafupi ya maisha. Msanii ambaye kwa miaka mingi aliziyeyusha taarifa, hapa anazirudisha. Sababu yake ni wazi. Palipo na dola inayotaka kufuta, kuandika jina ni kitendo cha kinga.

Ulinganisho huu unazaa swali lisilostarehesha. Tchaikovsky na Baldwin wana majina kwa kuwa hifadhi iliyahifadhi majina yao. Watu wa Michoro Myeusi hawana kwa kuwa aliyewapiga picha hakuona haja ya kuuliza. Mbinu moja ya msanii, ikiwekwa juu ya hifadhi mbili zisizo na usawa, hutoa matokeo yasiyo na usawa. Uhakiki unaosifu ukungu wa wino bila ya kuuliza hifadhi ilimtendea nini kila aliyechorwa unasifu nusu ya kazi tu.

Mjane na Mchoraji wa Lubumbashi

Suala hili linafikia kilele katika picha ya mwaka 2013 iitwayo The Widow, yaani Mjane. Chanzo chake ni picha ya habari ya Februari 1961. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari mwaka huo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Habari ikatangazwa tarehe 13 Februari. Mkewe alitembea katika mitaa ya Leopoldville, kifua wazi kama ishara ya kufiwa, akiwa pamoja na waombolezaji, kwenda kudai kwa Umoja wa Mataifa mwili wa mumewe ili auzike. Mwili huo haukupatikana. Ulikuwa umeyeyushwa kwa tindikali. Ilipofika Juni 2022 ndipo Ubelgiji ilipoirudishia familia jino moja, mabaki pekee yaliyosalia.

Dumas ameuchukua mwendo huo wa maombolezo na kuupaka rangi nyembamba, hata miili ikawa kama inayopita katika mvua. Magazeti ya mwaka 1961 yaliweza kuuona uchi wa mwanamke wa Kiafrika; Dumas anaonyesha heshima ya aliyefiwa. Katika kazi yake yote, pengine hakuna mahali ambapo wembamba wa rangi umekuwa na maana nzito kama hapa, kwani mwanamke huyu anadai mwili ambao umeyeyushwa. Rangi inafanya kwa utu kile ambacho tindikali ilifanya kwa ukatili.

Lakini anwani ni Mjane. Jina lake lilikuwa Pauline Opango. Halikupotea katika hifadhi yoyote. Lilijulikana mwaka 1961 na lilijulikana mwaka 2013, ambapo yeye mwenyewe alikuwa bado hai. Alifariki Kinshasa Desemba 2014. Inaweza kutetewa kwamba anwani ya kijumla inamfanya awe wajane wote wa siasa za Afrika, na utetezi huo una nguvu, kwa sababu wako wengi. Hata hivyo, mwanamke huyu hakutembea kwa niaba ya wajane wote. Alitembea kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye jina, akidai kaburi moja.

Hapa ndipo unapofaa ulinganisho na mchoraji mwingine wa historia hiyo, aliyefanya kazi kwa Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha 101 za historia ya nchi yake mwaka 1973 na 1974. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na alipozikabidhi alizisimulia moja moja kwa Kiswahili cha Shaba. Masimulizi hayo ndiyo msingi wa kitabu cha Fabian cha mwaka 1996. Tshibumba hakuyeyusha chochote. Mistari yake ni thabiti, watu wake wanatambulikana, na juu ya picha ameandika kwa Kifaransa nani, wapi na lini. Lumumba wake anateswa kama Masihi, lakini ni Lumumba mwenye jina na tarehe.

Mtu angeweza kusema kwamba Dumas ni msanii wa hisia na Tshibumba ni mwandishi wa tarikhi. Mgawanyo huo haufai. Hisia za Tshibumba zimo katika kule kuandika, kwa sababu alichora katika nchi ambayo mauaji ya Lumumba yalikuwa na waliohusika walio hai na wenye mamlaka. Hisia za Dumas zimo katika kule kufuta, kwa sababu alitoka katika nchi ambayo maandishi kuhusu nyuso yalikuwa silaha. Kila mmoja amejibu dhuluma aliyoijua. Aliyefichiwa historia anaandika; aliyelelewa ndani ya daftari la uongo anafuta.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtindo wa Marlene Dumas wa kuchora watu hauwezi kuelezwa kwa kutaja hisia peke yake. Ukungu wa wino, kuondolewa kwa mandhari na kukataa maelezo ni majibu kwa sheria, pasi na kadi ambazo kwa muda mrefu ziliusoma uso wa Mwafrika kwa niaba ya mwingine. Katika Michoro Myeusi jibu hilo limefaulu kuivunja sajili kwa kutumia umbo la sajili yenyewe. Katika Mjane limezaa picha ya maombolezo yenye utu wa hali ya juu, na papo hapo limeliacha nje jina lililokuwepo.

Deni hili si la msanii peke yake. Kazi zake sasa zimo katika majumba makubwa na masoko makubwa. Mei 2025 picha yake Miss January ya mwaka 1997 iliuzwa mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 13, bei ambayo hakuna mwanamke msanii aliye hai aliyekuwa ameifikia mnadani. Kadiri thamani ya picha inavyopanda, ndivyo jina la mchoraji linavyozidi kulifunika jina la aliyechorwa. Ni wajibu wa uhakiki kuandika kile ambacho anwani imekiacha: kwamba mjane huyu ni Pauline Opango, na kwamba watu 111 wa Tilburg walikuwa na majina ambayo hakuna aliyeyauliza.

Wajibu huo una upande wa nyumbani pia. Katika masanduku ya familia za pwani na za bara, na katika hifadhi za nchi hizi, zimo picha za watu ambao wazee wachache tu ndio wanaoweza kuwataja. Kila mwaka idadi ya wazee hao inapungua. Mwanafunzi wa fasihi anayekwenda nyanjani kukusanya ngano na mashairi hapotezi muda akimwomba bibi ageuze picha iliyoko ukutani, na kuandika nyuma yake, kwa penseli, huyu ni nani.